Kubomoa kwa mkono au kwa tingatinga: vifaa vya jengo la zamani vinaokolewaje hapa Kigoma?

Mkandarasi Mdogo, Kigoma (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mkandarasi wa majengo wa daraja la saba, na kazi zangu nyingi ziko kati ya Mwanga, Gungu na Ujiji. Nimepata kazi ya kubomoa ghala la zamani la mazao pamoja na safu ya vyumba sita vilivyoambatana nalo, kisha kujenga maduka ya ghorofa moja mahali pale pale. Mwenye mali ni mfanyabiashara binafsi. Kuta ni za matofali ya kuchoma. Zile za ghala lenyewe zimejengwa kwa udongo, na zile za vyumba, ambavyo viliongezwa baadaye, zimejengwa kwa saruji. Paa ni la mabati mazito ya zamani juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) za mninga, sakafu ni ya zege, na upande wa nyuma kuna kibaraza kilichoezekwa kwa vipande vipana vya kijivu ambavyo wazee wanaviita mabati ya saruji.

Ratiba tuliyokubaliana awali inatoa siku tatu za kubomoa kwa tingatinga, na kifusi chote kikatupwe korongoni. Nilipokwenda kupima eneo nilibandua plasta kwenye kona moja kwa ufunguo wa pikipiki, tofali likajitokeza jekundu kama limetoka tanurini juzi, nikaligonga na likalia. Tangu siku hiyo ninajiuliza kwa nini nitupe korongoni kitu ambacho wiki inayofuata nitakiagiza kwa lori kutoka kwa wachomaji wa vijijini.

Nimejaribu kulizungumza na nimekwama. Mwenye mali ananiambia kwamba amelipa fedha ya jengo jipya na hataki kusikia kwamba ndani yake kuna vitu vya marehemu baba yake. Mhandisi mshauri hakukataa, lakini aliniuliza nani atasaini kwamba tofali hilo linafaa. Vibarua wangu wanaona kubomoa polepole ni kupoteza muda. Mimi mwenyewe nina hofu ya mahali pa kuhifadhi, kwa kuwa kiwanja ni kidogo na usiku wa Kigoma una miguu.

Naomba uzoefu wa waliokwisha kufanya kazi ya namna hii, si nadharia ya semina. Ni vifaa gani vinalipa kuokolewa na vipi havilipi? Na hili linaandikwaje kwenye makubaliano ili lisigeuke ugomvi?

Mwashi Mstaafu, Ujiji

Mdogo wangu mkandarasi, pole na kazi. Nimejenga tangu nikiwa kijana, na nimebomoa karibu sawa na nilivyojenga, kwa hiyo nitajibu upande wa mikono na hayo ya makaratasi nitawaachia wenyewe.

Ukitaka kujua kama ukuta utakupa matofali, usianze kulitazama tofali. Tazama limeunganishwa kwa kitu gani. Ukuta uliojengwa kwa udongo hubomoka kwa adabu. Unapanda juu, unatoa kozi, yaani mstari wa matofali, moja baada ya nyingine, tofali linaachia kwa kulisukuma na mtarimbo kidogo tu, na udongo uliobaki unakwanguliwa kwa mgongo wa panga. Ukuta uliojengwa kwa saruji nzito una tabia nyingine kabisa, kwa sababu saruji ikishakuwa na nguvu kuliko tofali lenyewe, ukipiga tindo kinachopasuka ni tofali, na unabaki na kipande mkononi na kovu la saruji pembeni yake. Kwa maelezo yako ghala litakupa matofali mengi na vile vyumba sita vitakupa kifusi. Usipoteze ujira kukwangua saruji ya vyumba. Vivunje, uvitumie kujaza chini ya sakafu.

Tofali la zamani halidondoshwi chini. Wapange watu watatu: mmoja juu ya jukwaa, mmoja kati, mmoja chini, na tofali lipokezwe mkono kwa mkono kama mnavyopokezana ndoo wakati wa moto. Nimeona mafundi wakirusha kutoka juu ya lenta, ule mhimili wa juu ya milango na madirisha, na kuokota yaliyosalimika, kisha wanasema kuokoa hakulipi. Aliyepanga matofali mia mbili kwa kila fungu, mafungu yakawa na umbo moja, anaweza kuyahesabu kwa macho asubuhi na kujua kama usiku yamepungua.

Kuyachambua ni kazi ya masikio na kucha. Gonga mawili pamoja: lililoiva hulia kama chuma, na ambalo halikuiva hutoa sauti ya boga. Likwaruze kwa kucha. Likiacha alama ya kina, liweke pembeni. Liangushe kutoka usawa wa kiuno juu ya udongo. Likipasuka, halikuwa lako. Kozi tatu au nne za chini, zile zilizonyonya unyevu wa ardhi na kutoa unga mweupe wa chumvi, usizirudishe kwenye ukuta wa nje hata kama zinalia vizuri, kwa sababu chumvi ile itasukuma plasta yako mpya ndani ya msimu mmoja wa mvua. Na kabla ya kujenga, yaloweshe. Tofali kuukuu lina vumbi na kiu. Ukilijenga likiwa kavu litanyonya maji yote ya saruji mbichi, na kiungo kitabaki kama unga wa muhogo.

Ziwa lilipopanda miaka ile ya 2020 na 2021 na maji yakaingia kwenye nyumba za mwambao, hapa Ujiji na kule Kibirizi, tulikwenda kuwasaidia watu kubomoa kabla nyumba hazijawaangukia. Maji yalikuwa mkaguzi mkali. Kuna kuta zilizosimama ndani ya maji na matofali yake tukayatoa, tukayaanika, na hadi leo yamo kwenye nyumba za mlimani. Kuna nyingine, zilizochomwa kwa haraka na kuni chache, ambazo tuliyapata matofali yake yamerudi kuwa tope. Mchomaji alidhani amepunguza gharama ya kuni.

Kwenye mbao, mninga usiuze kwa bei ya kuni hata siku moja. Moyo wa mninga mchwa wanaupita, na kenchi zako zimekaa kavu chini ya paa miaka yote hiyo. Kagua ncha zilizokuwa zimezama ukutani, maana unyevu na wadudu huanzia pale; kata futi moja kila upande ikibidi, na sehemu ya katikati itakuwa kama mpya. Kinachoumiza ni msumari. Msumari mmoja uliokatikia ndani ya ubao hung'oa meno ya msumeno wa mashine, na fundi seremala akishaharibiwa msumeno mara moja hatakupokea tena. Pitisha sumaku juu ya kila ubao. Sumaku ya spika iliyokufa inatosha. Mbao hizo zikupe fremu za milango na madirisha; kwenye paa tumia paina iliyotiwa dawa, kwani urefu wake unauchagua mwenyewe.

Mabati ya zamani ni mazito kuliko tunayouziwa sasa. Siku hizi watu wanaezekea geji 30 na hata 32, na wengine hawajui kwamba namba ikiongezeka bati linapungua unene. Tatizo lake ni matundu ya misumari. Ukiyarudisha kwenye paa jipya, papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, zisipopangwa kwa nafasi ile ile ya zamani, kila tundu la kale litakuwa dirisha la mvua. Mimi huyatumia kuezekea stoo ya saruji na kuzungushia kiwanja wakati wa ujenzi, kisha yanahamia kazi nyingine. Ukiyang'oa, weka kipande cha ubao chini ya nyundo ili usilibonyeze.

Neno la mwisho ni la vibarua. Wewe unawalipa kwa siku, halafu unashangaa hawana subira. Walipe kwa kila tofali zima lililosafishwa na kupangwa, uone kama watalirusha.

Mkadiriaji Majenzi, Tabora

Nimeufurahia mchango wa mzee wangu hapo juu, nami nitaingia kwenye makaratasi kama alivyoniachia.

Kwanza niseme jambo linalonikera kila ninaposikia mada hii ikizungumzwa kwenye warsha, ambako urejelezaji wa vifaa vya ujenzi huelezwa kana kwamba ni elimu mpya inayosubiri kuletwa. Hapa Tabora, na Kigoma ndivyo ilivyo, hakuna bati la zamani linalofika jalalani. Kuna watu wananunua fremu, milango, nondo, masinki, hata misumari ambayo watoto huinyoosha kwa jiwe na kuiuza kwa kopo. Vifaa vinaokolewa tangu zamani, ila vinaokolewa pembeni ya mradi, na watu ambao hawamo kwenye mkataba, kwa bei ambayo mwenye jengo haijui. Kwenye makadirio ya ujenzi utakuta mstari mmoja tu: kubomoa jengo lililopo na kuondoa kifusi. Neno hilo la kuondoa limewalisha watu wengi. Kitu kisichoandikwa kwenye makadirio hakina mwenyewe.

Nchi nyingine zililazimisha kwa sheria. Japani ilitunga mwaka 2000 sheria inayomtaka anayebomoa jengo lenye eneo la sakafu la kuanzia mita za mraba 80 atenganishe zege, lami na mbao papo hapo na kuzipeleka kurejelezwa. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2008, ulijiwekea lengo kwamba ifikapo 2020 asilimia 70 kwa uzito ya taka za ujenzi na ubomoaji zisizo na sumu iwe inatumika tena au kurejelezwa. Ni mambo mazuri, lakini ukichungulia ndani utaona kwamba sehemu kubwa ya kinachohesabiwa huko ni zege na matofali yaliyosagwa yakaenda kujazwa chini ya barabara au kwenye mashimo. Kipimo kikiwa ni uzito, anayesaga tofali zima kuwa kokoto anapata alama sawa na aliyelirudisha ukutani.

Wenzetu wanasaga kwa sababu kwao mkono wa mtu ni ghali na mashine ni rahisi. Kwetu hesabu imegeuka, na kwa Kigoma imegeuka zaidi. Saruji yenu inatoka Dar es Salaam, Tanga au Mbeya, na kwa reli pekee kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ni kilometa zipatazo 1,250; mfuko wa kilo 50 unafika ukiwa umebeba nauli yake mgongoni. Matofali ya kuchoma yanakula kuni za misitu ya miombo, na kila mwaka mchomaji anakwenda mbali zaidi kuzitafuta. Upande wa pili, ujira wa mtu wa kusafisha tofali hausafirishwi kutoka popote. Kwa hiyo wewe hufanyi hisani kwa mazingira, unafanya biashara, na ndivyo unavyopaswa kumweleza mwenye mali.

Sasa namna ya kuandika. Futa ule mstari wa kubomoa na kuondoa kifusi, uweke badala yake kazi mbili zinazojitegemea: kufumua kwa mkono, kusafisha na kupanga vifaa vitakavyotumika tena, na hapo utaje ni vifaa gani na kipimo chake, iwe idadi ya matofali, mita za mbao au vipande vya mabati, kisha kubomoa kilichobaki kwa mashine. Baada ya hapo andika waziwazi vifaa vilivyookolewa ni mali ya nani. Vikiwa vya mwenye jengo, wewe unalipwa ujira wa kufumua, na kwenye kazi ya ukuta mpya unamtoza kujenga tu bila bei ya tofali. Vikiwa vyako, thamani yake inakatwa kwenye jumla ya mkataba kama punguzo analoliona kwa macho. Njia ya kugawana nusu kwa nusu ninakushauri uiepuke hata kama mnaelewana, kwa sababu siku ya kugawana hakuna mbao mbili zinazofanana.

Ongeza fungu la fedha za mlinzi na za turubai, na daftari la kuhesabu linalosainiwa kila jioni na mtu wako na mtu wake. Watu huliona daftari hili kama dharau. Mimi nimeona kazi mbili zikivunjika kwa kukosa daftari, na sijaona hata moja iliyovunjika kwa kuwa nalo.

Tahadhari moja kwa wanaosoma huku wakijenga madarasa na zahanati kupitia kamati za vijiji: haya ninayoyasema ni ya jengo la mtu binafsi. Jengo la umma, pamoja na kila bati lililo juu yake, ni mali ya umma, na halifumuliwi, haligawiwi wala haliuzwi mpaka kibali cha kuliondoa kwenye orodha ya mali kipatikane. Nia njema ya kamati haitawasaidia mbele ya mkaguzi.

Mama mwenye nyumba, Katubuka

Mimi si fundi, lakini ninaomba nichangie kama mteja, kwa sababu wote mnamzungumzia mwenye mali kama mtu mgumu asiyeelewa.

Nilibomoa nyumba yangu ya kwanza ili nijenge ninayokaa sasa. Fundi aliniambia kwamba milango, mabati na fremu vimekwisha na kwamba atanisaidia kuviondoa bila kunitoza, nami nikamshukuru na kumpikia chai. Miezi michache baadaye nilikwenda kwenye msiba mtaa wa pili, nikakaa barazani nikitazamana na mlango wa buluu. Ubaoni, karibu na bawaba, kulikuwa na mikwaruzo mitano ya kisu, mmoja juu ya mwingine. Ni mimi niliyeikata, nikipima kimo cha mwanangu wa kwanza kila Idi. Mwenye nyumba yule alinunua kwa haki na sikumwambia kitu.

Kwa hiyo mteja wako anaposema hataki vitu vya zamani, kaka yangu, huenda hasemi kwamba ni vibovu. Huenda anaogopa atatozwa bei ya vipya na kuwekewa vya zamani, na kwamba vya kwake vitakwenda kwa mwingine. Mwandikie kama mkadiriaji alivyosema, na umwoneshe hesabu. Sisi wateja tunaelewa hesabu.

Mhandisi wa Majengo, Kigoma

Nimechelewa kuuona mjadala huu, na kabla ya yote ninaomba mkandarasi asimamishe kazi yoyote kwenye kile kibaraza cha nyuma. Vipande vipana vya kijivu vinavyoitwa mabati ya saruji, kwenye jengo la umri huo, vichukulie kuwa ni asbesto mpaka ithibitishwe vinginevyo. Bati hilo likiwa zima na limetulia juu ya paa, hatari yake ni ndogo. Likivunjwa, likikatwa kwa msumeno, likitobolewa au likisagwa na tingatinga, hutoa nyuzi nyembamba zisizoonekana ambazo zikiingia kwenye mapafu hazitoki, na saratani inayosababishwa nazo huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati kibarua wako amekwisha kusahau hata jina lako. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani.

Vipande hivyo vilowanishwe kwa maji, misumari ikatwe badala ya kuvuta kwa nguvu, kila kimoja kishushwe kizima, kifungwe kwenye nailoni nzito na kuandikwa alama, na mahali pa kuvifukia paelekezwe na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, si korongo. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Inahitajika ile ya chujio maalumu. Na tafadhali usimpe mtu akafanye banda la kuku. Hicho ndicho kifaa pekee katika jengo lako ambacho ubaya wake ni kutumiwa tena.

Ama swali la mhandisi mshauri kuhusu saini, ni halali na lina jibu. Maduka ya ghorofa moja, kwa kawaida, hubebwa na nguzo na mihimili ya zege, na ukuta kati yake unajaza nafasi tu. Mzigo wa tofali hapo ni uzito wake mwenyewe. Chukua sampuli kutoka sehemu mbalimbali za ukuta, si kutoka kwenye fungu ulilolichagua kwa macho, uzipeleke zikapimwe nguvu ya kubanwa. Kipimo kingine unaweza kukifanya mwenyewe kwa mizani ya duka: pima tofali likiwa kavu, lizamishe kwenye maji kwa saa 24, lifute, ulipime tena. India, ambayo ina viwango vya matofali ya kuchoma vya miaka mingi, inataka tofali la kawaida lisinywe maji zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake. Ukimpelekea mshauri karatasi yenye namba hizo, umempa kitu cha kusaini.

Zege la sakafu ya zamani linaweza kupondwa na kuwa kokoto, ila lijulikane ni kokoto ya namna gani. Kila kipande kimevaa koti la saruji ya zamani lenye vitundu, kwa hiyo hunywa maji mengi kuliko jiwe na huharibu kipimo cha maji cha zege jipya usipokilowesha kwanza. Viwango vya Uingereza vinaruhusu, kwa baadhi ya madaraja ya zege, kokoto ya namna hii isizidi asilimia 20 ya kokoto yote kubwa. Kwa kazi yako ningeibakiza kwenye zege jembamba la chini ya msingi, kwenye njia za miguu na kwenye mitaro ya kunyonya maji. Nguzo, mihimili na sakafu ya juu zipewe kokoto ya mawe. Vipande vya matofali navyo vina kazi yake: Bangladesh, kwa uhaba wa mawe, huponda matofali ya kuchoma na kuyafanya kokoto ya zege kwa miaka mingi. Sisi tuna mawe milimani, hivyo vipande vyetu vitoshe kujaza na kushindilia chini ya sakafu, mradi udongo laini uwe umechekechwa ukatoka.

Nondo zilizochomolewa zisirudi kwenye nguzo. Nondo ikikunjwa na kunyooshwa kwa nyundo hudhoofika pale pale ilipokunjwa, na umri wake wala daraja lake hulijui. Ziuze kama chuma chakavu. Na kwa kuwa tuko mji wa reli, niseme na hili: ukikuta kwenye jengo la zamani kipande cha reli au taruma (nguzo ya kulalia reli) vimetumika kama nguzo au lenta, usivipeleke kwa mnunuzi wa vyuma kabla ya kuwasiliana na wenye reli. Utakuwa na kazi kubwa ya kueleza ulivipata wapi.

Mkandarasi Mdogo, Kigoma

Ninawashukuru wote. Ninarudi baada ya wiki tatu kueleza tulipofika, na si yote yamekwenda nilivyotaka.

Mwenye mali alikubali, na kilichomkubalisha ni ule mstari wa punguzo. Nilimpelekea makadirio mawili, ya zamani na mapya, akayatazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama mlango mkubwa wa ghala unaweza kubaki. Nilimwambia unaweza. Mhandisi mshauri amekubali matofali kwenye kuta za ndani za kugawa maduka na kwenye ukuta wa uzio. Za nje amekataa, na mabati ameyakataa kabisa isipokuwa kwa stoo. Vipande vya kijivu vimeshushwa vizima, vimefungwa na vimewekwa peke yake chini ya turubai huku tukisubiri maelekezo.

Siku ya kwanza ya kufumua niliendelea kulipa kwa siku, kwa ubishi, na jioni tulihesabu mafungu mawili na nusu. Siku ya tatu niliwalipa kwa tofali. Mafungu yalikuwa sita, na saa kumi na moja jioni nililazimika kuwaambia waache. Siku ya tano daftari lilionesha mlinzi ametuibia mbao nne za mninga. Amekiri, amezirudisha mbili, na mbili tayari zilikuwa vitanda. Tingatinga limeingia kwa nusu siku tu kumalizia vile vyumba sita.

Limebaki jambo moja nililokuwa sikulifikiria. Udongo uliokuwa unaunganisha matofali umekuwa kilima. Ni mwekundu, laini, umechanganyika na makapi ya plasta, na mhandisi ameukataa kuwekwa chini ya sakafu. Mzee wangu wa Ujiji, huu nao una matumizi, au ndio unaokwenda korongoni?

Mwashi Mstaafu, Ujiji

Usiumwage korongoni, mvua ya kwanza itaushusha hadi kwenye mtaro wa watu wa chini. Uchekeche kwa chekecheo la mchanga ili makapi yabaki juu. Ukiwa na nyuzinyuzi za majani ya zamani ndani yake, huo utajengea ukuta mwingine wa ndani kwenye nyumba ya kawaida, na ninawajua watu wawili Ujiji wanaojenga majiko ya uani ambao watauchukua kwa guta lao wenyewe. Ukiwa na chokaa nyingi, wapelekee wenye migomba, lakini wauchanganye na samadi. Siwezi kusema ni upi kabla sijaushika. Nijazie kiroba kimoja kutoka katikati ya kilima, si juu, unipitishie Jumamosi baada ya adhuhuri, na uje na tofali moja kutoka kwenye yale ya kozi za chini nilione.